Watoto Kumi wa Bati

Kama kulikuwa na mtu Songea nzima aliyejua kulipaka asali neno chungu, ni Osmund Komba. Alikuwa katekista kwa miaka mingi, mpaka macho yake yalipoanza kugombana na herufi ndogo za misale. Akastaafu, na mdomo uliobaki bila kazi akaupeleka kwenye ushenga. Hakuna posa aliyoibeba ikamwagikia njiani. Aliwahi kumwombea mlevi mke, akapewa. Aliwahi kumwombea kijana ambaye ukoo wa binti ulikuwa umeapa kutokunywa naye hata maji, na haukupita muda wakawa wanakula ugali sahani moja. Siri yake hakuificha. Neno kavu halimezeki, alisema, na yeye hasemi uongo, anachagua tu kweli ipi itangulie.

Sasa huo ulikuwa mwaka tisini na tano, mwishoni mwa miaka ya ruksa. Maduka yaliyozoea kuuza chumvi na viberiti yalikuwa yamejaa mpaka milangoni, na kitu pekee kilichobaki adimu kilikuwa fedha ya kununulia. Huko upande wa Tunduru vito vilikuwa vimeonekana, na kila mwanaume mwenye miguu miwili alikuwa ama amekwenda kuchimba, ama amerudi, ama anamsubiri aliyekwenda. Makarani wamegeuka madalali. Akina mama wauza vitumbua wanatembea na vijiwe vimefungwa kwenye pindo la khanga, na ukiwasalimia wanakutazama kwanza mfukoni.

Katika mji huo uliochanganyikiwa aliishi mtu mmoja asiyetaka kuuza chochote. Aliitwa Leonce, mwalimu wa kemia katika sekondari moja ya hapo mjini. Kwao ni Karagwe, kule ramani inakoishia, na ingawa kila siku alieleza kwamba yeye ni Mnyambo, mji ulimwita Mhaya na kumaliza kazi. Alimpenda Skolastika, binti aliyeuza katika duka la dawa karibu na soko. Alishanunua aspirini nyingi kuliko kichwa kimoja kinavyoweza kuuma. Skolastika naye alikuwa akimwekea akiba aspirini hizo, jambo ambalo kwa muuza dawa ni sawa na kusema ndiyo. Lakini Leonce hakuwa na baba mdogo wala shangazi wa kumsemea, wote walikuwa mwisho wa safari ya siku kadhaa, kwa hiyo alimwendea Osmund.

"Shikamoo, mzee. Naomba unisemee kwa Mzee Pankrasi."

"Marahaba. Hilo tu?" alisema Osmund. "Nilidhani una shida."

Pankrasi Ngonyani, baba yake Skolastika, alikaa Ruhuwiko katika nyumba aliyoijenga mwenyewe alipokuwa mtunza stoo wa shirika moja la umma. Shirika lilipouzwa, yeye hakuuzwa nalo. Wafanyakazi waliitwa mmoja mmoja ofisini, na kijana mwenye tai akamwambia kwamba katika mpango mpya yeye ni wa ziada. Neno hilo wenzake walilisambaza mji mzima. Pankrasi mwenyewe hakuwahi kulirudia mbele ya mtu, lakini alipokaa barazani jioni ungemwona analitafuna. Kiinua mgongo alinunulia mashine ya kusaga. Ikasaga vizuri tu, mpaka alipofika bwana mmoja kutoka Nakapanya, jina lake Daimu, aliyekuwa na mzigo mzito ndani ya magunia matatu. Daimu akaondoka na mashine. Mzigo ukabaki.

Osmund alipofika na posa, Pankrasi alimkaribisha kwa pombe ya komoni, akasikiliza maneno yote ya utangulizi bila kukatisha, kisha akamchukua nyuma ya nyumba hadi bandani kwa nguruwe. Akafukua majani makavu kwenye kona, akafungua gunia, la pili, la tatu. Ndani kulikuwa na kipande cha madini cheupe kinachong'aa, ukubwa wa nusu tofali.

"Urani," alinong'ona. "Hii ndiyo wanayotengenezea mabomu, Katekista."

"Na umeiweka kwa nguruwe?"

"Ningeiweka wapi, uvunguni? Inakula mifupa ya mtu. Lakini nguruwe imewakubali. Hebu tazama."

Jike kubwa lilikuwa limelala ubavu, na watoto walikuwa wamejipanga kwenye chuchu. Walikuwa kumi, wote wazima. Mwaka uliopita lilizaa sita, wanne wakafa. Pankrasi aliwaonyesha kwa kidole kama mtu anayetoa ushahidi mahakamani.

"Huyo mwalimu wako sina neno naye," alisema. "Nasikia ana akili, ni nshomile, msomi wa Kihaya kwelikweli. Basi akili hiyo ianze kazi hapahapa. Kuna mnunuzi kutoka Dar es Salaam, bwana Derick, yuko Tunduru kwenye vito, atapita hapa Jumamosi. Hanunui bila kauli ya mtaalamu. Mwalimu apime, anipe neno. Akinipa, tunaongea habari ya binti. Asiponipa, usirudi tena hapa na posa yake."

Akachukua panga, akachonga kipande kirefu kama kidole, akamkabidhi Osmund. Kikachongeka kama muhogo. Osmund hakujua lolote la kemia, lakini alijua kipande kile ndicho mahari yenyewe.

Kesho yake maabara ya shule ilikuwa tupu. Leonce alikishika kipande, akakipinda kidogo karibu na sikio lake. Kikatoa mlio, kriii, wa kitu kinacholalamika kuamshwa. Osmund alirudi nyuma hatua mbili na kufanya ishara ya msalaba. Leonce alikuwa anacheka, na katika kicheko hicho kulikuwa na furaha ya mtu aliyekutana na ndugu yake ugenini.

"Bati," alisema.

"La kuezekea?"

"Hapana, mzee. Lile la kuezekea ni chuma kilichopakwa zinki. Hili ni bati lenyewe. Baba yangu alichimba hili kule Kyerwa maisha yake yote. Ukilipinda linalia. Nimecheza nalo kabla sijajua kuandika jina langu."

Hata hivyo hakuridhika na kusikia tu. Alilipima kwenye mizani, akalitumbukiza majini, akaandika, akakata kipande chake na kukiyeyusha kwenye kikaango kidogo juu ya jiko la mkaa. Kikatulia pale kama samli. Urani, alieleza, haichongwi kwa panga hivi wala haiyeyuki kwenye mkaa wa kupikia maharage, na nusu tofali ya urani Mzee Pankrasi asingeinua kwa mkono mmoja huku anamwonyesha mtu nguruwe.

Osmund alikaa kwenye stuli ndefu ya wanafunzi. Alimwona Skolastika anaondoka, na jina lake mwenyewe la mshenga asiyeshindwa linaondoka nyuma yake limebeba kikapu.

"Basi niambie uzuri wake," alisema. "Kila kitu kina uzuri. Nipe wa bati."

Hapo alikuwa amegusa penyewe. Leonce alichukua chaki, akachora duara ubaoni, na macho yake yakawaka.

"Katikati ya kila chembe kuna kiini. Ndani ya kiini kuna protoni, na hizo ndizo zinazotoa jina la ukoo. Ukiwa nazo hamsini wewe ni bati, utake usitake. Halafu kuna nyutroni. Hizo hazibadilishi jina, zinaongeza uzito tu. Kwa hiyo kuna bati jepesi na bati zito, na yote ni bati. Ndugu hao wa uzito tofauti tunawaita isotopu."

"Kama watoto wa nguruwe," alisema Osmund. "Mama mmoja, sura moja, mmoja mnene, mmoja mwembamba."

"Hasa. Sasa viini vingi havina uvumilivu. Nyutroni zikizidi, kiini kinahangaika, kinatema kitu nje, na kikishatema kimekuwa kitu kingine kabisa. Hiyo ndiyo mionzi. Urani haina hata ndugu mmoja aliyetulia, wote wanatema, tofauti ni kuwahi na kuchelewa. Lakini bati, mzee." Akasimama kidogo kama padri kabla ya kuinua kikombe. "Bati lina isotopu kumi zilizotulia. Kumi! Hakuna elementi nyingine yenye nyingi hivyo. Jirani yake wa namba arobaini na tisa, na yule wa hamsini na moja, hawafikishi hata tatu. Bati unaliongezea nyutroni, linasogea, linampa mgeni nafasi, linakaa naye. Wanafizikia wanaiita hamsini namba ya maajabu, na hapo siongezi chumvi, ndivyo wanavyoiita."

Osmund alirudia maneno hayo kimyakimya, kama alivyokuwa akirudia katekisimu. Leonce akarudisha chaki mahali pake, na furaha yote ikamtoka usoni.

"Mwambie Mzee hivi: ni bati, si urani, halina mionzi, na huyo Daimu amemwibia. Mwambie namwonea huruma sana. Lakini mwambie."

"Nitamwambia," alisema Osmund.

Njiani alipitia duka la dawa. Skolastika alimfungia dawa ya macho kwenye karatasi na kumtazama sana.

"Shikamoo, babu. Umeshajua, eh?"

"Marahaba. Nimejua nini, mjukuu wangu?"

"Kwamba baba ametapeliwa. Mimi sikusoma kemia, ila nilimwona Daimu anavyopakia ile mashine. Mtu anayeacha mali kweli hakimbii hivyo." Akashusha sauti. "Ninakuomba kitu kimoja. Baba yangu ukimchanganyia dawa na asali, asali anameza, dawa anaitema. Mpe dawa tupu. Akikasirika atanikataza Leonce, najua. Lakini akiendelea na huyo Derick atakamatwa na polisi, na hapo sitakuwa na baba wala mume."

Osmund alimwahidi. Na kwa haki yake, aliondoka pale amekusudia kweli. Alipanga hivi: asali kidogo itangulie, kisha dawa ifuate mara moja kabla ulimi wa Pankrasi haujapoa. Mpango mzuri, kama ilivyo mipango yote inayopangwa njiani.

"Mwalimu amelitazama," alianza, baada ya salamu, na baada ya habari za shamba, na za nguruwe. "Amefurahi sana. Alicheka, Pankrasi, alicheka kabisa. Anasema ni madini yenye heshima kubwa katika ukoo wa madini yote. Namba yake ni hamsini, na hiyo hamsini wataalamu huko Ulaya wanaiita namba ya maajabu."

Pankrasi alisogeza kiti.

"Na tena yana watoto kumi," alisema Osmund. "Kumi, wote wazima, wote wametulia. Hakuna madini mengine duniani yaliyojaliwa hivyo."

"Kumi," alisema Pankrasi polepole. "Kumi! Nilisema mimi. Nguruwe hawezi kuzaa kumi bure. Na nguvu zake je?"

"Nguvu zake zimetulia ndani."

Halikuwamo hata neno moja la uongo. Mtu angeweza kuyaungama maneno hayo yote kwa padri na asipate dhambi ya kutubu. Dawa ilikuwa inafuata, Osmund alikuwa ameshafungua mdomo, lakini Pankrasi alikuwa amekwisha kusimama. Alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili. Alikuwa anatabasamu, na Osmund akagundua kwamba hajayaona meno ya mtu huyu tangu siku ile ya kijana mwenye tai. Akamhurumia. Huruma hiyo ilikuwa ya kweli, na ndiyo iliyomponza. Mdomo wake ukajifunga wenyewe, na komoni ikaletwa.

Siku mbili baadaye Pankrasi aliagiza mwalimu aje na chombo. Alikuwa amesikia kwamba shuleni kuna kifaa cha kupimia mionzi, kilichoachwa na mwalimu mmoja wa kujitolea kutoka Ujerumani. Leonce akaja nacho, kimefungwa kwenye taulo, akidhani anaitwa kuthibitisha msiba uliokwisha kutangazwa.

Hapo lazima tuseme habari ya desturi. Pankrasi alikuwa mtu wa mila, na kwake kijana anayeposa hasemi kwa sauti mbele ya baba wa binti mpaka posa ijibiwe. Wanaweza kukaa chumba kimoja, magoti yakikaribia kugusana, lakini neno sharti lipite kwa mshenga, liende na kurudi. Akithubutu kusema mwenyewe, ameivunja posa kwa mdomo wake. Kwa hiyo Leonce aliwasha kifaa bila neno, na kifaa kikaanza: tik. Tik tik. Tik.

Pankrasi alishika ukingo wa banda.

Leonce alikisogeza kwenye tofali: tik, tik tik. Akakipeleka kwenye gunia la mahindi: tik tik, tik. Akakipeleka mlangoni, na kwenye jike la nguruwe, na kwenye jiwe la kufulia, na kila mahali kilisema yaleyale. Kisha akainama kwenye sikio la Osmund.

"Mwambie kinalia hivi popote duniani. Mionzi kidogo imo katika udongo, katika ndizi, katika miili yetu. Hili tofali halijaongeza hata mlio mmoja."

Osmund akamgeukia Pankrasi. Alikuwa na neno mkononi, limekamilika. Alimtazama yule mtu usoni, na neno likageuka lenyewe ubavu wa pili.

"Mwalimu anasema hakuna mahali hapa kwako ambapo kifaa kimenyamaza."

"Hata kwenye mahindi?"

"Hata kwenye mahindi."

"Na mimi?"

Leonce, akiwa haruhusiwi kusema, alimwelekezea kifaa kifuani. Tik. Tik tik. Pankrasi aliinamisha kichwa, akasikiliza kifua chake kwa muda mrefu, na mtu yule aliyeambiwa ni wa ziada akasimama wima kama askari wa gwaride.

Walipotoka, barabarani, Leonce alizungumza bila kumwangalia Osmund. Hakupaza sauti, na hilo lilimuuma Osmund zaidi.

"Mzee wangu, nilikutuma useme si urani. Umesema nini?"

"Nimesema kweli tupu."

"Ndiyo. Zote isipokuwa ile niliyokutuma." Akatembea kidogo. "Jumamosi huyo Derick atauliza. Usiposema wewe, nitasema mimi, mbele ya Mzee Pankrasi, kwa mdomo wangu. Posa ivunjike. Afadhali nimkose Skolastika kuliko nimpeleke baba yake gerezani nikiwa nimenyamaza kwa adabu."

Osmund alilala vibaya mpaka Jumamosi. Alijaribu kulipika neno lile kwa kila namna: bati ni mjomba wa urani, bati ni urani iliyookoka. Kila alipolionja lilikuwa na ladha ya uongo, na yeye uongo hakuujua, alikuwa hajapata kuuhitaji.

Derick alikuja na pikapu yenye vumbi la Tunduru mpaka kwenye kioo. Alikuwa kijana mpole, mwenye miwani ya jua, aliyemsalimia Pankrasi shikamoo kwa heshima zote. Tofali lilikuwa limeogeshwa na kuwekwa juu ya meza, juu ya kitambaa cha Skolastika cha kufuma. Skolastika mwenyewe alisimama mlangoni na birika. Pankrasi alikaa katikati amevaa koti lake la kazini, Osmund kulia kwake, na Leonce nyuma ya Osmund kwenye kigoda.

Derick alilitazama tofali, akaligonga kwa ukucha, akaliinua kwa mkono mmoja na kulirudisha. Wala hakuuliza habari ya watoto kumi. Akamgeukia Leonce moja kwa moja, maana kwao Dar nani anajua habari za washenga.

"Mwalimu, wewe ndiye mtaalamu. Hii ni urani au si urani?"

Osmund aligeuza shingo. Aliona midomo ya Leonce inafunguka. Mlangoni aliona mkono wa Skolastika umekaza birika, na akajua neno likitoka kwenye midomo ile, binti huyu haolewi na mtu huyu tena. Kwa mara ya kwanza katika ushenga wake wote hakupata nafasi ya kuchagua kweli ipi itangulie.

"Si urani," alisema Osmund. "Ni bati. Halina mionzi. Mwalimu aliniambia tangu siku ya kwanza, na mimi sikulifikisha. Kosa ni langu, si la kijana."

Pankrasi hakugeuka.

"Nilihisi," alisema Derick, bila hasira. Akanywa chai yake yote, maana alilelewa vizuri, akasimama, akachungulia nyuma ya nyumba. "Na hao nguruwe, mzee, wanauzwa?"

Akaaga, na pikapu ikaondoka.

Pankrasi alilichukua tofali kutoka kwenye kitambaa, akaenda nalo nyuma. Leonce na Skolastika walibaki wametazamana, meza ikiwa katikati yao. Osmund alifuata, kwa kuwa mjumbe hauawi, ingawa siku hiyo hakuwa na uhakika kama Pankrasi anaukumbuka msemo huo. Alimkuta amekaa kwenye gogo kando ya banda, tofali mapajani.

"Kwa hiyo mashine yangu imekwenda," alisema Pankrasi.

"Imekwenda."

"Na wewe ulijua, ukanywa komoni yangu."

"Nikanywa."

Osmund alitamani matusi, kwa kuwa matusi alijua namna ya kuyapokea.

"Lile neno la kumi," alisema Pankrasi baadaye. "Nalo ulilipaka?"

"Hapana. La kumi ni kweli."

"Basi nipe kavu. Kama lilivyotoka kwa kijana."

Osmund hakuwa na asali iliyobaki, kwa hiyo alisema kavu. Alisema ndani ya kila kitu kuna viini, na kwenye viini hivyo vimejaa vitu vidogo vidogo, kama watu chumbani. Alisema sehemu nyingi wakizidi kidogo tu, kiini hakiwavumilii, kinamtupa mmoja nje, na kikishamtupa chenyewe nacho si kile tena. Urani ndiyo hivyo. Nguvu yote ya urani, ile ya mabomu, ni nguvu ya kutupa nje.

"Nguvu ya kufukuza," alisema Pankrasi.

"Ndiyo."

"Na hili?"

"Hili ni gumu kumfukuza mtu. Unaliongezea mmoja, wa pili, wa tatu, linawapa nafasi. Wapo wachache wanaolishinda, mwalimu hakuficha, lakini limekaa na wengi kuliko madini yote duniani. Kwa namna kumi tofauti limejaa, na kwa namna zote kumi limetulia. Halimwambii mtu ni wa ziada."

Neno hilo lilimtoka kabla hajalitazama, na alipolisikia alitaka kulirudisha. Lakini Pankrasi hakukasirika. Alikuwa analipangusa tofali kwa mkono wa koti la kazini, majani na tope la nguruwe, taratibu, mpaka likang'aa upande mmoja.

"Miaka yote ile nilihesabu mali za watu," alisema. "Kumbe humu ndimo ningeombea kazi."

Osmund akatazama nguruwe ili asimtazame yeye. Watoto wote kumi walikuwa wananyonya. Pankrasi akainua kichwa kuelekea nyumbani.

"Wewe mwalimu," aliita. "Njoo hapa."

Leonce akaja mbio, Skolastika nyuma yake. Alisimama mbele ya Pankrasi, akamtazama Osmund kwa mazoea, akisubiri neno lipite.

"Usimtazame huyo," alisema Pankrasi. "Niamkie mwenyewe."

Skolastika aliziba mdomo kwa khanga. Leonce aliinama.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kaa hapa. Haya, nianzie mwanzo, na usininyweshe asali. Huyu wa kwanza katika hao kumi ana uzito gani?"

Leonce alikaa. Gogo lilikuwa fupi, likatosha watu wawili. Akachukua kijiti akaanza kuchora duara kwenye vumbi, na Pankrasi akainama akitazama, akiuliza, akijibiwa. Skolastika alirudi jikoni akiimba kwa sauti ya chini wimbo wa kanisani ambao si wa msimu ule. Osmund Komba alisimama nyuma yao, mikono mgongoni, akisubiri apewe neno la kufikisha. Alisubiri mpaka chai ikaletwa, vikombe viwili, nao bado walikuwa wanaongea wenyewe.